Bolti za injini zinapokosa pa kushika: mwongozo kamili wa kukarabati boriti za injini kwenye boti ya faibaglasi

Ukiingiza gia ukasikia kishindo chini ya miguu, na mtetemo ambao zamani haukuwapo ukaanza kupanda hadi kwenye usukani, rahisi kuwaza kwamba raba za mauntingi (miguu inayoshikilia injini) zimekwisha. Kabla hujanunua chochote, funga boti vizuri, chukua tochi, fungua kifuniko cha injini, kisha mwombe mwenzako aingize gia mbele na nyuma injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini kabisa. Nguo zilizolegea na mikono vikae mbali na mikanda na shafti. Wewe tazama pale bolti zinapoingia kwenye boriti. Kama ni raba tu inayocheza, una bahati. Lakini kama mguu wa chuma wa mauntingi wenyewe unasogea juu ya boriti, hata milimita moja, raba haina kosa. Bolti imekosa pa kushika.

Mwongozo huu ni wa hali hiyo: injini ya ndani, shafti inayotoka chini ya boti, na boriti mbili za faibaglasi zilizojazwa mbao. Ndivyo boti nyingi zilivyojengwa, na ndipo ninapoona watu wakirudia kosa moja mwaka hadi mwaka, yaani kutibu tundu na kuacha kilicholiozesha.

Kwa nini hulegea

Boriti za injini hulala kutoka tezi (nyuma) kuelekea omo (mbele), zimefunikwa kwa faibaglasi na kuunganishwa na bodi (umbo la nje la boti) pande zote mbili. Ndani yake mara nyingi mna mbao au plaiwudi. Juu ya kila boriti hukaa mauntingi mbili, na kila moja hushikwa na bolti mbili au zaidi.

Uzito wa injini ni sehemu ndogo tu ya kazi ya bolti hizo. Kwenye boti ambayo shafti haina bearingi yake ya kupokea msukumo, nguvu yote ya rafadha inayoipeleka boti mbele hupanda kwa shafti, ikaingia kwenye giaboksi, ikashuka kwenye mauntingi na kuishia kwenye bolti. Ukirudisha nyuma, nguvu hiyo hiyo inazivuta upande wa pili. Ongeza mtetemo wa kila mlipuko ndani ya silinda, ongeza wimbi linaloinua boti na kuitupa chini, utaelewa kwamba bolti hizi hazipumziki.

Mjenzi aliyetumia skrubu nene za mbao, akazifunga kwenye tundu kavu bila kuziba kingo, ameacha mlango wazi. Maji ya ngama (shimo la chini ndani ya boti) na mafuta yanayodondoka hupenya kando ya skrubu hadi kwenye mbao. Faibaglasi haiozi, kwa hiyo nje boriti inabaki nzuri, imenyooka, rangi iko sawa. Ndani mbao zinageuka uji. Meno ya skrubu yanakata nyuzi laini, tundu linapanuka, maji yanaingia zaidi, na mchezo unaongezeka. Mpangilio wa shafti unapotea, ndipo kaplingi (kiungo cha shafti na giaboksi), bearingi ya shafti na sili ya giaboksi zinaanza kufa moja baada ya nyingine. Mwenye boti anabadilisha sili mara tatu bila kujua kwamba ugonjwa uko kwenye mbao.

Pima kabla ya kuamua

Anza kwa spana. Bolti inayokaza ikafika mwisho ni nzima kwa sasa. Inayozunguka bila kufika popote imekula meno yake. Itoe uiangalie. Ikitoka kavu na ing'aayo, tundu limechoka kwa mitetemo tu. Ikitoka na kutu nyeusi, nyuzi za mbao zilizolowa na harufu ya kuoza, ujue kuna kazi.

Kisha gonga boriti nzima kwa mpini wa bisibisi au nyundo ndogo, juu na ubavuni. Mahali pazima hutoa mlio mkali, mfupi. Palipooza au palipoachana na ganda hutoa mlio mzito, kama kugonga sanduku lililojaa nguo. Masikio peke yake hayatoshi lakini yatakuonyesha pa kutoboa.

Jibu la kweli linatoka kwenye drili. Chukua keketo ya milimita 5, izungushie tepu kama alama ya kina ili usije ukatoboa bodi, kisha toboa ubavuni mwa boriti, karibu na mauntingi na chini kidogo. Angalia kinachotoka. Unga mkavu, wa rangi ya mbao, ni afya. Unga mweusi, mzito, unaoganda kwenye keketo, au maji yanayochuruzika, ni uozo. Sogea sentimita 10, toboa tena. Endelea hivyo kuelekea omo na kuelekea tezi hadi upate matundu mawili mfululizo yenye unga mkavu. Weka alama kwa kalamu nene. Hapo ndipo ulipo mpaka wa kazi yako. Kipima unyevu kinasaidia, lakini ndani ya ngama yenye mafuta na chumvi hudanganya kwa urahisi. Mimi naamini unga.

Usione huruma kutoboa. Matundu haya ya milimita 5 yatazibwa kwa dakika chache, ilhali kukisia kunaweza kukugharimu kazi nzima. Niliwahi kujaza matundu manne kwa epoksi (resini inayogandishwa kwa kigumishi) kwenye boriti ambayo sikuipima, kwa kuwa ganda lilikuwa gumu na mwenye boti alikuwa na haraka. Epoksi ilishika vizuri sana. Kilichotoka ni kipande cha epoksi chenye umbo la tundu, kikiwa kimeng'ang'ania bolti, kwa sababu mbao zilizokizunguka zilikuwa laini kama sifongo. Tangu siku hiyo sijazi tundu nisilolipima.

Ukishapima utajikuta katika hali moja kati ya tatu: mbao ni kavu na ngumu na tundu tu limekwisha; uozo umezunguka mauntingi moja au mbili; au boriti nzima imekwenda.

Tundu lililochoka, mbao nzima

Hii ndiyo ndogo. Toboa tundu upya kwa kipenyo kinachokaribia mara mbili ya bolti, kwa kina kilekile cha zamani. Safisha unga wote. Kama mafuta yameingia, futa kwa asetoni mara kadhaa kwa kitambaa kipya kila mara, uache ikauke kabisa. Paka kuta za tundu kwa epoksi nyepesi isiyokolezwa (isiyotiwa poda), subiri dakika 10 hadi 15 mbao zinywe, ongeza panapokauka. Kisha jaza epoksi iliyokolezwa kwa poda ya uzito wa juu, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kushika bolti. Usitumie poda nyepesi ya kujazia mabonde. Hiyo ni ya kusawazisha sura na huvunjika kwa mzigo. Jaza kutoka chini kwenda juu kwa bomba la sindano ili hewa isibaki ndani. Ikikauka kabisa, toboa tundu dogo la skrubu na ufunge.

Njia hii inafaa kwa injini ndogo. Kwa injini nzito, hata kama mbao ni nzima, ningeenda moja kwa moja kwenye bamba la chuma linaloelezwa hapa chini, maana meno ya chuma ndani ya chuma ni habari nyingine kabisa.

Usalama kabla ya grenda

Kuanzia hapa ni kazi ya hali mbili zilizobaki, za uozo. Vumbi la faibaglasi huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Vaa barakoa yenye vichujio vya vumbi laini na vya mvuke, miwani inayofunga pande zote, glavu na nguo za mikono mirefu. Ngama ni shimo: mvuke wa asetoni na wa poliesta (resini ambayo boti nyingi hujengwa nayo) ni mzito kuliko hewa, hukusanyika chini, na cheche moja ya grenda inatosha. Toa mafuta yote yaliyomwagika, funga tangi, weka feni ya kuvuta hewa nje, na usichanganye kazi ya asetoni na kazi ya grenda kwa wakati mmoja. Ukitumia poliesta, kigumishi chake kinaweza kupofusha macho kwa tone moja, na kamwe kisikutane moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti. Viwili hivyo vikichanganywa vyenyewe hulipuka. Epoksi nayo isigusane na ngozi. Mwili unaweza kuikataa ghafla baada ya miaka ya kuizoea, na ukishaikataa hairudi nyuma.

Hifadhi mstari wa injini

Hatua hii watu huiruka, kisha hujuta wiki mbili baadaye. Kabla ya kulegeza nati hata moja, tengeneza kumbukumbu ya mahali injini ilipokaa.

Piga picha kila kitu. Pima kutoka kwenye kila mguu wa injini hadi sehemu mbili zisizobadilika za boti, uandike. Pima urefu wa boriti kutoka kwenye bodi. Kisha, injini ikishatoka, pitisha uzi mwembamba uliovutwa sana katikati ya bomba la shafti hadi mbele ya chumba cha injini, uufunge kwenye ubao. Uzi huo ndio mstari wa shafti, na boriti mpya zitapimwa kutoka kwake.

Tengeneza pia kiolezo: fremu ya plaiwudi nene au ya chuma yenye matundu manne ya mauntingi kama yalivyo kwenye injini. Ikae imara, isipinde. Utaihitaji wakati wa kulaza bamba na tena wakati wa kutoboa.

Kuinua injini

Toa waya wa hasi wa betri kwanza. Funga vali ya maji ya bahari, toa maji na mafuta, fungua bomba za mafuta, egzosi, nyaya na kebo, ukibandika alama kwenye kila ncha. Fungua kaplingi.

Kama uozo uko chini ya mauntingi mbili za mbele tu, na chumba kina nafasi, si lazima injini itoke. Inaweza kuinuliwa upande mmoja na kuning'inizwa salama. Lakini mkono wako lazima ufike pande zote za boriti, ndani na nje. Kama haufiki, toa injini. Kazi ya faibaglasi inayofanywa kwa kunyoosha mkono gizani haijawahi kuwa nzuri.

Tumia cheni bloku kwenye stendi inayosimama nje ya boti au juu ya mhimili imara unaogawa uzito hadi kwenye kuta za bodi. Usitundike injini kwenye dari ya kibini. Tumia ndoano za kuinulia zilizoko kwenye injini, na mtu asiwe chini yake hata kwa dakika moja.

Boti ikiwa nchi kavu, hakikisha imeegemezwa vizuri chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) na ubavuni. Boriti ni sehemu ya mifupa ya boti. Ukizikata zote mbili kwa pamoja bodi inaweza kuhama kidogo usione, na ukishaifunga kwa faibaglasi mpya umeifunga ikiwa imepinda. Kama zote zimeoza, maliza moja kwanza ndipo ushike ya pili.

Kukata na kutoa uozo

Kata ganda la juu la boriti kwa diski nyembamba, ukiacha ukingo wa sentimita 2 hivi kila upande ili kuta za ubavuni zibaki kama chombo cha kujazia. Kata hadi sentimita 15 ndani ya sehemu iliyokauka, kupita alama zako. Hifadhi kipande ulichokitoa. Pima unene wake kwa kalipa, maana huo ndio unene wa chini kabisa utakaourudisha.

Toa mbao kwa patasi na ndoano hadi ufikie mbao nzima, kavu na ngumu. Uozo usiachwe hata kidogo kwa matumaini kwamba epoksi nyepesi itaugandisha. Epoksi hupenya juu juu tu ya mbao zilizooza, na unyevu uliobaki chini yake huendelea na kazi.

Kukausha ndiko kunakohitaji subira. Suuza chumvi kwa maji safi, futa, kisha acha hewa ya joto ipite siku kadhaa. Taa ya joto au feni ya hewa vuguvugu inatosha. Moto mkali unaunguza resini ya zamani. Bandika kipande cha plastiki angavu juu ya mbao zilizobaki kwa tepu pande zote, ukiache usiku kucha. Kikipata umande ndani, bado.

Sugua faibaglasi ya ndani na ya nje kwa msasa mkali wa namba 40 hadi 60 mpaka iwe na rangi moja isiyong'aa. Kabla ya kusugua, futa mafuta kwanza. Ukisugua kwanza unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo, na hapo hakuna resini itakayoshika.

Poliesta au epoksi

Boti yenyewe huenda ilijengwa kwa poliesta, na wengine husema ukarabati ufuate ujenzi. Kwa kazi hii sikubaliani nao. Poliesta mpya hushika poliesta ya zamani kwa kukwaruza tu, na hushika mbao vibaya. Epoksi hushika vyote viwili vizuri zaidi, na hainywei sana ikikauka. Kumbuka tu kwamba ukishaanza na epoksi umalize na epoksi, kwa kuwa poliesta juu ya epoksi haikauki wala haishiki inavyotakiwa.

Ukichagua epoksi, chagua na kitambaa kinachoifaa. Mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa mara nyingi hushikanishwa na gundi inayoyeyushwa na poliesta. Ndani ya epoksi gundi hiyo haiyeyuki na mkeka unabaki mgumu, unakataa kulala. Tumia kitambaa kilichoshonwa chenye nyuzi zinazokatizana kwa digrii 45, cha gramu 600 kwa mita ya mraba. Kikipigwa kwa mkono kinatoa takriban robo tatu ya milimita kwa kila tabaka, kwa hiyo unaweza kuhesabu matabaka yako mapema.

Pima resini na kigumishi kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, bila kuongeza wala kupunguza. Kwa poliesta unaweza kubadilisha kigumishi kidogo ili kuharakisha. Kwa epoksi kigumishi ni nusu ya jengo lenyewe. Ukizidisha unapata kitu laini ambacho hakitakauka milele. Joto ndilo linaloharakisha: kila likipanda digrii 10 za Selsiasi, muda wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu. Changanya kidogo kidogo, na mimina kwenye trei pana badala ya kopo refu ili isichemke.

Kujaza kiini na kulaza bamba

Mbao mpya ziwe plaiwudi ya majini au mbao ngumu kavu, zilizokatwa zikaingia bila kulazimishwa, zikipakwa epoksi nyepesi pande zote, hasa kwenye ncha zinazonyonya zaidi. Zilaze ndani ya epoksi iliyokolezwa hadi isitiririke ukiinamisha kopo. Zikandamize mpaka epoksi itoke pembeni kote. Panapotoka epoksi hapana hewa. Matabaka mazito yajazwe kwa awamu, sentimita moja hivi kila mara, la sivyo joto la kukauka kwake litapasua kazi.

Acha nafasi juu kwa ajili ya bamba, na chini ya kila mahali bolti itakapopita chimba kishimo cha sentimita 2 au 3, ukikijaza nta au kipande cha povu. Ncha ya bolti itahitaji pa kuingia. Bolti inayogota chini hukupa hisia ya kukaza bila kushika chochote.

Bamba lenyewe ni moyo wa ukarabati. Kwa bolti za M12 (kipenyo cha milimita 12) tumia chuma cha unene wa milimita 12 au zaidi; kanuni ni kwamba meno yaliyo ndani ya chuma yawe na urefu usiopungua kipenyo cha bolti. Ukitumia alumini, unene uwe angalau mara mbili ya kipenyo, na bolti za chuma kisichoshika kutu zipakwe mafuta mazito ya kuzuia metali hizo mbili zisilane. Mimi napendelea chuma cha kawaida: kinachongeka vizuri, hakikwami meno kama chuma kisichoshika kutu kinavyokwama, na kikifunikwa kabisa kwa epoksi hakipati maji. Urefu wake upite mguu wa mauntingi kwa sentimita 5 au zaidi kila upande, ili mzigo usambae. Zungusha pembe zake. Toboa matundu machache ya milimita 8 mbali na bolti ili epoksi ipite na kulikamata. Lisugue hadi ling'ae, lifute kwa asetoni, na ulipake epoksi saa hiyo hiyo kabla kutu haijaanza upya.

Lilaze kwenye epoksi iliyokolezwa, kisha weka kiolezo juu. Mabamba ya kushoto na kulia lazima yawe kwenye mteremko mmoja, sambamba na uzi wako wa shafti. Pima kutoka kwenye uzi hadi bamba kila kona. Kumbuka kutoa unene wa faibaglasi itakayokuja juu, na fikiria urefu wa mauntingi: injini ikikaa, nati za kurekebisha ziwe katikati ya skrubu ya mauntingi au chini zaidi. Injini inayokaa juu kabisa ya skrubu hiyo hutikisa mauntingi kama mtu anayetikisa nguzo kwa kushika kilele chake.

Kupiga faibaglasi

Bamba halishikwi na gundi iliyo chini yake. Bolti inapovuta juu, bamba husukumwa dhidi ya ganda la faibaglasi lililo juu, na ganda hilo hushuka ubavuni hadi kwenye bodi. Kwa hiyo faibaglasi mpya ikiishia ukingoni mwa boriti, hujafanya kitu. Ishuke pande zote mbili na kukanyaga bodi.

Zungusha pembe za juu za boriti hadi ziwe na duara la milimita 10 au zaidi, kwa kuwa kitambaa hakipindi kwenye pembe kali, huinuka na kuacha hewa. Pale boriti inapokutana na bodi, weka kona ya mviringo ya epoksi iliyokolezwa. Kingo za faibaglasi ya zamani zichongwe kwa mteremko wa 12 kwa 1: ganda la milimita 6 linahitaji mteremko wa milimita 72. Inaonekana ni kupita kiasi hadi siku utakapoona kiungo kifupi kikibanduka chote kwa pamoja.

Paka epoksi, laza tabaka la kwanza, lisukume kwa rola ya meno hadi kitambaa kiwe angavu na hewa itoke. Fuatisha lingine kabla la kwanza halijakauka. Kila tabaka linalokanyaga bodi lipite lililotangulia kwa sentimita 3 hivi, ili ukingo upungue polepole na usitengeneze ngazi. Rudisha unene wa zamani kote, na juu ya bamba ongeza theluthi. Malizia kwa kitambaa cha nailoni cha kubandua. Kikitolewa kinaacha uso safi wa kupaka rangi. Bila hicho, osha utando wa nta wa epoksi kwa maji safi na sifongo ya kusugulia kabla ya msasa, maana msasa peke yake huusambaza tu.

Acha ikauke. Kwa joto la digrii 20 hadi 25 epoksi nyingi zinaweza kutobolewa siku inayofuata, lakini nguvu zake kamili huja baada ya wiki moja hivi. Injini isilale juu yake kabla ya hapo.

Kutoboa, kuchonga meno na kuziba

Rudisha kiolezo, hakikisha tena na uzi, weka alama za bolti katikati ya nafasi ndefu ya mguu wa mauntingi ili ubaki na uhuru wa kusogeza kushoto na kulia. Kwa M12 yenye meno ya kawaida, yaliyoachana kwa milimita 1.75, toboa kwa keketo ya milimita 10.2. Kwa M10, milimita 8.5. Kwa M16, milimita 14. Toboa wima kabisa kwenye uso wa boriti, kwa mwendo wa polepole na mafuta ya kukatia. Chonga meno nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ukitoa vipande vya chuma kila mara.

Safisha, kisha paka ndani ya tundu la faibaglasi, juu ya bamba, epoksi nyepesi kwa brashi ndogo ili nyuzi zilizokatwa zizibike. Usiache ishuke kwenye meno. Paka boriti rangi nyeupe au ya kijivu hafifu, uvujaji wa mafuta uonekane siku ya kwanza.

Bolti zifungwe na sealanti ya majini chini ya mguu wa mauntingi na shingoni mwa bolti. Hiyo mistari miwili ya sealanti ndiyo iliyokosekana mara ya kwanza. Washa ya chuma chini ya kichwa cha bolti iwe pana na nene. Mauntingi zibadilishwe zote kwa pamoja kama raba imelainika kwa mafuta au imepasuka, na za mbele zisichanganywe na za nyuma kama watengenezaji wamezitofautisha ugumu.

Kupanga shafti

Rudisha injini, ukadirie mpangilio boti ikiwa nchi kavu, lakini usifunge kaplingi kwa mwisho. Bodi hubadilika umbo kidogo ikiingia majini. Shusha boti, iache ielee siku moja hadi mbili uzito wa injini ukiwa juu ya mauntingi mpya, kisha:

1. Sogeza flanji (sahani ya kaplingi) ya shafti ikutane na ya giaboksi kwa mkono. Ziingiane bila kulazimishwa. Shafti ndefu hulegea kwa uzito wake, itegemeze.
2. Weka fila geji (vipande vyembamba vya kupimia nafasi) kati ya flanji juu, chini, kushoto na kulia. Tofauti kati ya nafasi kubwa na ndogo isizidi milimita 0.1 kwa kila milimita 100 za kipenyo cha flanji, isipokuwa kitabu cha injini kinataka ndogo zaidi.
3. Nafasi ikiwa kubwa juu au chini, rekebisha kwa nati za mauntingi za mbele na za nyuma. Ikiwa kubwa ubavuni, legeza bolti za miguu usogeze injini.
4. Zungusha flanji ya shafti robo duara, ya giaboksi ikiwa imetulia, upime tena. Nafasi kubwa ikibaki mahali palepale, ni mpangilio. Ikizunguka pamoja na flanji, shafti au flanji imepinda na hakuna nati itakayoiponya.
5. Kaza nati za mauntingi kwa spana ya torki, kwa kipimo cha mtengenezaji, ukishika nati ya chini isizunguke. Pima mara ya mwisho baada ya kukaza, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza.

Endesha boti saa 10 za kwanza kwa upole, kisha rudi na spana na fila geji. Raba mpya hukaa chini kidogo na mpangilio huhama nayo. Angalia tena kwenye saa 50. Kila ukaguzi piga mstari mmoja wa kalamu kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye mguu wa mauntingi. Safari inayofuata, ukifungua kifuniko na tochi mkononi, mstari uliokatika utauona kabla hujasikia kishindo.